Picha Hii Inakwenda kwa Nani?

Bibi hakupandisha sauti. Aliinuka taratibu kutoka kwenye mkeka, akaja mpaka niliposimama, akaweka kiganja chake mbele ya simu yangu.

"Tazama, mwanangu. Tazama mpaka uridhike. Ila picha, ngoja kwanza."

Dalali akacheka kile kicheko cha mtu anayeona kamisheni yake inatikisika. "Bi mkubwa, siku hizi wanunuzi wote ndivyo wanavyofanya." Bibi hakumjibu. Alikuwa ananitazama mimi.

"Ukitazama, utatoka umetazama. Ukipiga, nyumba yangu umetoka nayo. Picha hii inakwenda kwa nani?"

Nikamwambia ukweli. Inakwenda kwa kaka yangu, yuko Maskati, Oman, ndiye ninayechanga naye kumnunulia mama nyumba.

"Na yeye ataipeleka kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nikarudisha simu kwenye mkoba, nikaomba radhi kwa usumbufu, nikakaa kwenye kiti nilichopewa. Hii ilikuwa Ngamiani, hapa Tanga mjini, kwenye moja ya zile nyumba za zamani: vyumba sita, ukumbi katikati, kibaraza mbele, jiko na choo uani. Wiki kadhaa zimepita. Mambo mengi ya nyumba ile nimeshayasahau, lakini swali la bibi linanirudia hata nikiwa kwenye bajaji.

Macho ya aliye mbali

Msomaji wa Tanga hahitaji kuelezwa habari ya kaka wa Maskati. Kila ukoo una wake. Pesa zake hufika, macho yake hayafiki. Na mtu aliyetoa nusu ya bei ya nyumba hawezi kuambiwa "nzuri, usijali" akalala usingizi.

Simu ya video tuliijaribu. Ukiwa kibarazani anakuona vizuri. Ukiingia chumba cha nyuma, penye ukuta mnene na dirisha dogo, unaanza kuganda, sauti inakatikakatika, na kaka anabaki anauliza, "Hapo ni wapi? Rudi nyuma. Hapo ni wapi?" Huku mwenye nyumba anasikia sauti ya mwanaume asiyemjua ikitoa amri ukumbini kwake.

Kisha kuna mama mwenyewe. Magoti yake hayaruhusu kuzunguka mitaani na dalali. Anataka kujua choo kiko mbali kiasi gani na chumba, ngazi zipo au hazipo, na kama pale uani anaweza kukaa asubuhi bila kutazamwa kutoka ghorofa ya jirani. Siku hizi watu wananunua nyumba za Ngamiani, wanavunja, wanapandisha ghorofa, na uani kwa wenzao hakusitiriki tena. Maswali ya mama ni ya kuonyeshwa, siyo ya kusimuliwa.

Na kuna mimi. Ukitembezwa Makorora asubuhi, Mabawa adhuhuri, Chuda alasiri, jioni nyumba zimeshachanganyika kichwani. Kisima kilikuwa kwenye ipi? Ile yenye mlango mzuri wa mninga ndiyo yenye paa bovu, au ni nyingine? Unajikuta unaikataa nyumba kwa kosa la jirani yake.

Kwa hiyo sikuwahi kujiuliza kama mnunuzi apige picha. Nilikuwa napiga tu, kama wote wapigavyo.

Picha za dalali

Mtu anaweza kusema: si dalali anazo picha? Azitume.

Anazituma, tena mapema, kabla hujamlipa ile hela ya kuonyeshwa. Nimeshazipokea nyingi kiasi kwamba nimeanza kuujua utaalamu wake. Zinapigwa asubuhi jua likiwa upande wa mbele. Zinapigwa kwa ile lenzi pana inayofanya chumba cha kitanda kimoja kionekane ukumbi wa harusi. Kabati linasimama mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili angeliweka, karibu kabisa na mlango, na ukienda ukalisogeza kidogo unaelewa kwa nini. Choo hakipigwi. Barabara ya kuingilia haipigwi. Paa halipigwi kamwe.

Halafu picha zenyewe hazina mwenyewe. Nyumba moja ya Sahare nimeletewa na madalali watatu tofauti, kwa bei tatu tofauti, picha zilezile, moja ikiwa imekatwa pembeni ili isionekane namba ya simu ya dalali wa kwanza. Tangu habari za bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima mpaka Chongoleani zianze, kila mwenye simu hapa mjini amekuwa dalali wa saa za jioni.

Na tusijifanye hatujui picha hizo zinaweza kwenda wapi. Kwa nini kuta za mji huu, na za Dar es Salaam, na za kila mji nchini, zimeandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI? Kwa sababu yupo mtu aliyewahi kuiuza nyumba ambayo si yake. Zamani tapeli alilazimika kukupeleka mpaka mlangoni na kuomba Mungu mwenyewe asitokee. Sasa anahitaji picha nzuri tano tu za ndani na mteja aliye mbali. Picha za nje yeyote anazipata akipita. Picha za ndani ndizo zinazomfanya mteja aamini kwamba huyu jamaa kweli ana ufunguo.

Nani huzitoa hizo za ndani? Wanunuzi waliopita. Sisi.

Kiberiti kwenye ufa

Bibi hakunikatalia mpaka mwisho. Tulikunywa chai. Aliniuliza mama yangu ni nani, wa wapi, akamtafuta kwenye kumbukumbu zake mpaka akampata, au akajifanya amempata. Kisha akasimama, akatutangulia chumba kwa chumba. Alikunja nguo zilizokuwa kitandani. Aliishusha picha ya marehemu mumewe ukutani, akailaza kifudifudi juu ya kabati. Dalali akaambiwa asubiri ukumbini, maana vyumbani ni kwa wanawake.

"Haya, piga kuta," akasema. "Kuta hazina siri."

Nikapiga kuta. Na kwa kuwa nilikuwa nimebaki na kuta tu, bila vitanda, bila makabati, bila mapazia yenye maua, kwa mara ya kwanza nilipiga picha zenye faida.

Nilipomwonyesha fundi wetu, mzee aliyejenga nusu ya nyumba za ukoo wetu kule Mikanjuni, alizipitia moja moja bila haraka. Akaniuliza, "Huu ufa ni mkubwa kiasi gani?" Nikamwonyesha kwa vidole. Akatikisa kichwa. Ufa kwenye picha hauna saizi, akasema. Weka kiberiti pembeni yake ndipo upige, kiberiti kila mtu anakijua. Na kabla ya kupiga ufa, piga chumba kizima kutoka mlangoni, la sivyo nyumbani utakuwa na nyufa ishirini usizojua ni za chumba gani. Ufa mwembamba kama unywele uliotambaa kwenye plasta usikupe homa. Ule unaoanza kona ya dirisha ukashuka mshazari, unaoingia sarafu, huo uulize.

Akaniambia nizime flashi ya simu, niwashe tochi ya pembeni, niiweke ubavuni mwa ukuta, mwanga upite umeusugua. Ukuta uliovimba chini ya rangi huonekana hapo hapo. Nipige miguu ya fremu za milango, maana mchwa huanzia chini. Nipige kona za siling bodi, penye madoa ya kahawia. Nitoke nje niende mbali kidogo nipige bati, misumari hasa. Hewa ya bahari huila misumari kabla ya kulila bati. Nipige mita ya LUKU, namba yake isomeke, kwani ukinunua umeme hata wa elfu moja, risiti inaweza kukuletea jina la mtu aliyeandikishwa, na jina hilo ulilinganishe na la anayekuuzia. Kama kiwanja kimepimwa, nipige bikoni zote, yale mawe ya mipaka, siyo ile iliyo karibu na geti tu.

Nilipenda somo lile kwa sababu ndani yake hamkuwa na kitanda cha mtu hata kimoja. Vitu vyote alivyotaka fundi vilikuwa vya nyumba. Vya bibi havikumhusu.

Lakini alisita kwenye picha moja.

Ukuta wa chumba cha nyuma

Ulikuwa ukuta wa chumba cha mwisho, upande wa uani. Chini, kuanzia sakafuni hadi kama shubiri mbili, plasta ilikuwa imegeuka rangi na kutoa ungaunga mweupe. Mimi nilipopiga sikuuona. Nilikuwa nalenga dirisha.

"Chumvi," fundi akasema. Nyumba za zamani nyingi hazikuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi, maji ya ardhini hupanda ukutani polepole. Na kama mchanga ulitoka pwani bila kuoshwa, chumvi yake hukaa inavuta unyevu wa hewa, mwaka nenda mwaka rudi. Halikuwa jambo la kuiacha nyumba, akasema. Lilikuwa jambo la kuishusha bei, kwa sababu plasta ile itabidi ibanduliwe yote.

Tukarudi na fundi kuangalia. Chumba cha nyuma kilikuwa kimepakwa rangi. Kijani cha baridi, kibichi bado, harufu imejaa mpaka ukumbini. Ungaunga hakuna. Doa hakuna.

Fundi alinitazama. Mimi nikamtazama dalali. Dalali akatazama dari.

Nitakiri nilijisikia vizuri kwa dakika chache. Ushahidi nilikuwa nao mkononi, wenye tarehe na saa. Bila picha ile ningebishana na macho yangu mwenyewe: labda nilikosea chumba, labda ilikuwa nyumba ya Makorora. Kama kuna mtu anatafuta hoja ya kwa nini mnunuzi apige picha, hiyo inatosha, na ningeweza kuishia hapo.

Shida ni kwamba bibi aliingia nyuma yetu, akiwa na furaha kabisa. "Mmeona? Nimewapakia. Siku ile ulivyopiga pale chini niliona haya. Wageni wanakuja, nyumba iko hivi."

Aliona haya!

Inawezekana alikuwa anaficha. Mwanawe wa kiume, ambaye ndiye aliyemleta dalali, huenda alimwambia afiche. Lakini mimi nimekulia nyumba za aina hii, na najua kabisa mama wa makamo yale anaweza kupaka rangi ukuta kwa sababu tu mgeni ameutazama vibaya. Picha yangu ilionyesha ukuta kabla na ukuta baada. Katikati ya hizo mbili kulikuwa na mtu, na nia yake simu haikuichukua.

Nilishusha bei. Nilitumia picha kuishushia. Mwanawe alikubali haraka kuliko nilivyotegemea, na wepesi ule ulipaswa kutushtua sote.

Ilikofika

Kaka yangu ni mtu mzuri. Naandika hivyo kwanza kwa sababu anasoma blogu hii.

Alipopata picha, zote, alifanya ambalo kila mtu angefanya. Akaziangalia, akaona hajui lolote kuhusu chumvi wala misingi, akamrushia rafiki yake wa kazini ambaye ni mtu wa ujenzi. Rafiki akaomba ushauri kwenye grupu la watu wa Tanga walioko huko. Picha za kuta, na mbili za nje: kibaraza na mlango. Akaandika chini: nyumba Ngamiani inauzwa, bei hii vipi?

Kwenye grupu alikuwemo mtu aliyezaliwa nyuma ya mlango ule.

Mtoto wa marehemu, wa mke wa kwanza. Yuko Oman miaka mingi. Hakuwa anajua kwamba nyumba ya baba yake iko sokoni. Usiku uleule alimpigia bibi simu, na kutoka hapo simu zikapigana: Tanga, Pangani, Unguja, Maskati. Kumbe marehemu hakuwa ameacha watoto wa bibi huyu peke yao. Kumbe hakuna aliyekwenda mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi. Mwanawe bibi alikuwa anauza kama mtoto mkubwa tu, na barua ya serikali ya mtaa ilishaanza kutafutwa.

Asubuhi dalali alinipigia. "Dada, umeniua. Umeniua kabisa."

Kwa upande wetu, picha ile ilituokoa makumi ya milioni. Anayenunua nyumba ya marehemu kwa mtu ambaye hajateuliwa kuwa msimamizi, amenunua kesi. Watu wamejenga, wamehamia, wamezaa, halafu mrithi akatokea na mahakama ikampa haki yake. Tungekuwa sisi. Mama angekuwa ameshapanga vyungu vyake vya maua kwenye kibaraza kile.

Kwa upande wa yule ndugu wa Oman, picha ilimrudishia haki aliyokuwa anaibiwa.

Na kwa upande wa bibi? Ukoo wake ulijua mambo yake kupitia kwa watu baki. Aibu yake ilisomwa na grupu zima, wengine wakaweka na vikaragosi vya kucheka. Yeye aliniuliza mapema, uso kwa uso, kaka yako ataipeleka kwa nani. Swali lake lilikuwa sahihi mpaka kwenye jina la mji.

Stara au siri

Hapa ndipo nilipokwama, na sidhani kama nimekwamuka.

Nilipotoka kwake mara ya kwanza niliamini amenizuia kwa stara. Picha ya mume, kitanda, nguo. Nilimheshimu kwa hilo na nikawasimulia watu. Baada ya mambo ya mirathi kufumuka, shangazi yangu akaniambia bila kupepesa: "Stara gani? Alijua wenzake hawana habari. Alikuwa anakufumba macho."

Labda. Mtu anayeogopa picha za nyumba yake inayouzwa ana sababu, na mnunuzi mwenye busara anapaswa kuiuliza sababu hiyo. Nalisema hilo kwa mtu yeyote anayetafuta nyumba: ukikataliwa picha kabisa, hata ya ukuta mtupu, hata ya mita, punguza mwendo.

Lakini nakataa kuamini kwamba lazima ichaguliwe moja. Mwanamke mzee anaweza kuwa na haya ya kweli na hofu ya kweli ndani ya kiganja kimoja. Binamu yangu aliwahi kuonyeshwa nyumba Majani Mapana na mwanaume aliyesema anaishi peke yake, mke waliachana zamani. Jioni anapitia picha akaona kamba ya nguo uani: khanga, tena bado mbichi. Alirudi, akauliza, mke akatokea. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa iuzwe bila ridhaa ya mwenzi, kwa hiyo zile khanga zilimwokoa. Binamu anaisimulia hadithi hiyo kwa fahari. Mimi huwa namfikiria yule mke, asiyejua kwamba nguo zake zilikaa kwenye simu ya mwanaume asiyemfahamu, zikakuzwa kwa vidole viwili.

Chumba cha mpangaji

Bibi angalau alikuwa na kiganja cha kuweka. Wapo wasiopewa hata nafasi hiyo.

Nyumba nyingi ninazoonyeshwa zina wapangaji. Dalali anabisha mara mbili, anasukuma mlango, anasema "karibu dada, chumba kikubwa hiki." Mtu yuko kazini bandarini au sokoni. Godoro lake liko chini, jiko la mkaa pembeni, daftari za mtoto juu ya ndoo, dawa zake zimepangwa dirishani na majina yanasomeka. Mwenye nyumba ametoa ruhusa, na mwenye nyumba kibarazani anaona amemaliza. Ila maisha yaliyo mle ndani si mali yake.

Katiba yetu, ibara ya 16, inampa kila mtu heshima na hifadhi ya maskani yake. Haisemi maskani yenye hati. Tuna na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kufanya kazi Mei 2023. Sidhani kama kuna dalali yeyote Tanga amewahi kuifikiria akiwa ameshika kitasa cha mlango wa mtu. Wala mimi siandiki ili mtu ashtakiwe kwa picha ya godoro. Nasema tu kwamba tumezoea kuomba ruhusa kwa mwenye bei, tukadhani tumeomba kwa wote.

Tofauti niliiona Raskazone, kwenye nyumba ambayo hatukuwa na uwezo nayo ila dalali aliamua kutupeleka. Kamera ya getini ilituchukua kabla hatujabisha hodi. Ukumbini kamera nyingine. Hakuna aliyetuuliza kama tuko radhi, hakuna aliyetuambia picha zetu zinakaa wapi. Mimi nilipotoa simu, mlinzi akasema, kwa adabu, "Samahani mama, hapa hairuhusiwi." Nikairudisha. Anayeuza ananipiga picha bure na kwangu anakataza, na hakuna aliyeona ajabu. Ngamiani bibi ananyoosha mkono tunamwona wa kizamani.

Kaka hakubaliani

Nilimwandikia kaka haya yote. Jibu lake lilikuwa la sauti, refu, na la haki.

Alisema mimi naandika kama mtu anayealikwa chai, wakati yeye anaandika kama mtu anayetuma pesa. Kwamba nchi hii mnunuzi ndiye hupoteza: muuzaji akidanganya anaondoka na fedha, dalali akidanganya anabadilisha laini, anayebaki analala kwenye korido za Baraza la Ardhi ni mnunuzi. Kinga yake ni nini? Hati inaghushiwa. Barua ya mtaa inanunuliwa. Mashahidi ni ndugu zao. Picha ndicho kitu pekee ambacho yeye mwenyewe anakitengeneza. "Na ukiomba ruhusa sana," akasema, "unampa muda wa kuhamisha kabati."

Hapo amenipata. Ukitangaza kwamba utapiga, rangi ya kijani hutangulia. Mimi mwenyewe nisingeujua ukuta ule kama bibi angejua mapema ninachotafuta.

Akaongeza: na kama picha isingefika kwenye grupu, leo ungekuwa umenunua.

Kweli. Lakini hapo nadhani amechanganya bahati na haki. Mirathi ile tungeijua kwa njia iliyonyooka, kwa kuuliza swali moja kabla ya yote: marehemu ameacha nani, na barua ya msimamizi iko wapi. Wazee wa mtaa walikuwa wanawajua watoto wote kwa majina; nilipowauliza baadaye, walinitajia wakiwa wanaendelea na bao. Ilichofanya picha ni kazi ya maswali ambayo hakuna kati yetu aliyetaka kuyauliza, kwa sababu kumuuliza mjane habari za wake wenza kulionekana kukosa adabu kuliko kupiga ukuta wake.

Tumekubaliana nusu. Anachokipata sasa ni picha za nyumba: kuta, bati, milango, mita, bikoni, barabara ya kuingilia. Zikiwa na kitu cha mtu nakikata kabla sijatuma. Picha ya mbele, ile inayoitambulisha nyumba, hairushi kwa mtu mwingine bila kuniambia. Fundi anaonyeshwa kwenye simu yangu, hapewi. Nyumba ikishindikana, zinafutwa, kwangu na kwake. Kaka analalamika kwamba WhatsApp inazifinya picha mpaka nyufa hazionekani, kwa hiyo nazituma kama faili, na hilo ndilo pekee aliloshukuru.

Na bei naigusa baada ya kuziangalia nyumbani, nikiwa na mama kando. Yeye ndiye mwenye macho makali kuliko sote. Kwenye picha ya nyumba moja ya Nguvumali, fundi akiwa anatafuta nyufa na mimi natafuta mchwa, mama aliuliza tu, "Mbona kisima na shimo la choo viko upande mmoja?"

Jumamosi

Nyumba ya bibi imetulia. Nasikia wamekwenda mahakamani kweli, wote, na yule wa Oman amekuja. Haiuzwi kwa sasa. Nilipita kumsalimu, hakunikaribisha ndani, tukazungumza kibarazani, akaniulizia mama kwa jina. Sikumwambia naandika.

Sisi bado tunatafuta. Jumamosi tunakwenda Mwakidila, na dalali ni mpya. Jana usiku nilimtumia ujumbe, ambao sasa nimeuhifadhi kabisa kwenye simu:

"Salaam kaka. Kabla hatujafika naomba umuulize mwenye nyumba, na wapangaji kila mmoja kwa chumba chake, kama wako radhi nipige picha za kuta na paa. Sitapiga watu wala vitu vyao. Atakayekataa, chumba chake nitakitazama kwa macho akiwepo. Na naomba nijue, nyumba ni ya nani, yu hai au ni marehemu?"

Alisoma papo hapo. Akaandika, akafuta, akaandika, akafuta. Kisha likaja jibu:

"Dada wewe ni mwandishi wa habari au mnunuzi? Mwenyewe yupo hai. Picha nitauliza. Ila hela ya kuonyeshwa kwako itakuwa elfu ishirini badala ya kumi, hao wapangaji wako saba na milango yote nitabisha mimi."

Nimempelekea elfu kumi na tano.